Kabichi na Waridi Katika Tuta Moja

Mwaka 1835 mwandishi Mfaransa Théophile Gautier aliitanguliza riwaya yake, Mademoiselle de Maupin, kwa dibaji ndefu iliyojaa hasira. Aliwalenga watu wa zama zake waliotaka kila kitu, hata kazi ya sanaa, kitaje faida yake kabla ya kuruhusiwa kuwapo. Hoja yake ilikuwa kwamba kilicho kizuri kweli hakina kazi ya kufanya, na kwamba chochote chenye manufaa kina ubaya ndani yake, kwa kuwa kimezaliwa na haja ya mwanadamu, na haja za mwanadamu ni duni kama mwili wake ulivyo duni. Kisha akaipeleka hoja hiyo bustanini. Yeye angeacha viazi kabla ya kuacha mawaridi, na kwa maoni yake ni mtumwa wa manufaa tu anayeweza kung'oa tuta la tulipu ili apande kabichi. Zaidi ya karne moja baadaye, katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, chakula kilikatika katika miji ya magharibi ya Uholanzi iliyokuwa chini ya jeshi la Ujerumani. Watu wapatao 20,000 walikufa. Waliobaki walichemsha na kula vitunguu vya tulipu, vilevile ambavyo nchi hiyo ilikuwa imevipanda kwa vizazi vingi kwa ajili ya macho tu. Sikitaji kisa hiki ili kumsuta marehemu. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha kwamba mpaka alioupiga kati ya tulipu na kabichi ulikuwa kichwani mwake. Udongo haukuujua.

Hata hivyo, swali lililo nyuma ya ugomvi huo ni la kweli, na ni la kidini kama lilivyo la kifalsafa. Je, kupendeza na kufaa ni mambo mawili yanayogombea nafasi moja, hata kimoja kikipewa ardhi kingine kinanyimwa? Gautier alijibu ndiyo, akauchagua uzuri. Wengine hujibu ndiyo, wakalichagua tumbo: kwao ua lililopandwa kwenye udongo unaoweza kutoa chakula ni israfu, na maadamu yupo mwenye njaa ni dhambi. Kambi hizi huonekana mahasimu, lakini zimekwisha kukubaliana katika jambo la msingi, nalo ndilo ninalolipinga. Zote mbili zinaamini kwamba haja huuchafua uzuri na kwamba uzuri huiibia riziki. Bustani ya nyumbani inayochanganya mboga na maua, kama inavyotayarishwa kila mwaka katika nchi za baridi majira ya machipuko yanapoingia, ni ushahidi kwamba imani hiyo si kweli. Nitakwenda mbali zaidi: tuta lililochanganywa linaieleza hali ya binadamu kwa usahihi kuliko bustani ya maua matupu, na kuliko shamba la mboga tupu.

Tuanze na mimea yenyewe. Chukua Uingereza, ambako desturi hii imekomaa katika bustani ndogo za nyumba za vijijini. Mwezi Machi udongo bado una baridi, lakini njegere na figili huvumilia, hivyo hupandwa mapema. Aprili tulipu zinachanua, na miche ya saladi iliyooteshwa ndani inahamishiwa nje. Nyanya, maboga na maharage ya kutambaa husubiri hatari ya jalidi ipite, yaani karibu mwisho wa Mei. Ua na mboga hufuata joto lilelile, mwanga uleule, mvua ileile, na mara nyingi hata jina la kundi hutegemea mkono wa mtu tu. Yale maharage ya kutambaa yenye maua mekundu, ambayo leo Waingereza huyala kila kiangazi, yaliingia nchini mwao karne ya 17 yakapandwa kwa ajili ya maua. Kula maganda yake mabichi kukaja baadaye. Koliflawa na brokoli ni vichala vya maua ambayo hayajafunguka. Mrehani kwetu pwani ni wa kunusa, wa kikuba na wa kichwa cha bibi harusi, wakati Italia jamaa yake huyohuyo hupondwa akaliwa na nyanya na jibini. Lipo pia fundisho la subira ndani ya jambo hili. Anayetaka kula njegere hana budi kuliacha ua lake jeupe litimize siku zake, kwa kuwa anayelichuma ua amelichuma na ganda. Kwa saladi mambo yamegeuka: ikipandisha shina ili ichanue, majani yake huwa machungu na chakula kimekwisha. Mtu mmoja, katika tuta moja, asubuhi moja, anatakiwa alilinde ua hapa na aliwahi pale.

Vitabu vitakatifu ambavyo wasomaji wengi wa Kiswahili huviheshimu havijui utengano ninaoupinga. Katika Mwanzo 2:9, Mungu anapoiotesha bustani ya Edeni, miti yake inasifiwa kwa mambo mawili, kwamba inatamanika kwa macho na kwamba inafaa kuliwa, na la macho limetajwa kwanza. Mwandishi hasemi kulikuwa na miti ya aina mbili, moja ya kutazamwa na nyingine ya kuliwa. Ni miti ileile. Katika Suratul Rahman, pale neema za ardhi zinapohesabiwa, nafaka yenye makapi na mmea wenye harufu nzuri zimo katika aya moja, ya 12, bila daraja baina yao, na swali linalofuata linawataka majini na watu waseme ni ipi kati ya neema hizo wanayoikanusha. Mahali pengi Kurani inapoeleza jinsi mvua inavyoihuisha ardhi iliyokufa, kile kinachoota husifiwa kwa kupendeza, na hapohapo mwanadamu hukumbushwa kwamba ni riziki yake. Naye Yesu, anapowafundisha watu wasijisumbue kwa ajili ya kula, kunywa na kuvaa, anawatuma wakayatazame maua ya kondeni. Katikati ya mazungumzo juu ya mahitaji ya mwili anamleta shahidi ambaye kwa Gautier hana haki ya kukaa karibu na mahitaji ya mwili. Sidai kwamba maandiko haya yanamwamuru mtu apande waridi kando ya kabichi. Nadai kwamba mtu anayeamini Muumba mmoja ndiye aliyetoa vyote viwili hana msingi wa kuviona kuwa maadui.

Wala mboga haina utakatifu wa pekee kwa kuwa inalisha. Wanaodhani kulima chakula kunamsafisha mtu na kulima maua kunamharibu wasome 1 Wafalme 21. Humo yumo mfalme Ahabu, aliyelitaka shamba la mizabibu la jirani yake Nabothi kwa kuwa lilikuwa karibu na jumba lake, na sababu aliyoitoa ilikuwa kwamba anataka kulifanya bustani ya mboga. Nabothi aliuawa kwa ajili ya bustani ya mboga. Tamaa haiulizi kama kinachopandwa kinaliwa.

Ikiwa utengano haukutoka katika mimea wala katika maandiko, ulitoka wapi? Historia ya Ulaya inajibu vizuri, na jibu lake si la kuwapendeza matajiri. Amri iliyotolewa kwa ajili ya mashamba ya kifalme ya Karoli Mkuu karibu na mwaka 800 ina orodha ya mimea inayopaswa kupandwa. Orodha inaanza na yungiyungi na waridi, kisha inaendelea na mimea ya dawa, matango, vitunguu, kabichi na saumu kana kwamba hakuna lililotokea katikati. Mchoro wa monasteri ya Mtakatifu Gall, uliochorwa miaka ya 820 na bado umehifadhiwa Uswisi, unaonyesha matuta 18 ya mboga, kila moja na jina lake. Imo pia bustani ya dawa yenye waridi na yungiyungi ndani yake. Yamo na makaburi ya watawa yaliyopandwa miti ya matunda. Muda mfupi baadaye mtawa Walahfrid Strabo, mkuu wa monasteri ya Reichenau, alitunga utenzi wa Kilatini juu ya bustani yake ndogo. Anaanza na machipuko, na viwavi vinavyowasha vilivyoufunika uwanja mbele ya mlango wake, na kazi ya kuving'oa kwa mikono. Anapita kwenye maboga, matikiti na figili. Anamalizia kwa yungiyungi na waridi, ambayo kwake ni alama za imani na za damu ya mashahidi. Watu hawa hawakuwa wakifanya jaribio la kuunganisha vitu viwili. Hawakuwa wamevitenga bado. Waridi lilikuwa dawa na harufu na alama ya imani, na boga lilikuwa chakula na kivuli, na mtu aliyelieleza moja alilieleza jingine kwa sauti ileile ya shukrani.

Utengano ulikuja na fahari. Karne ya 18 wenye ardhi wa Uingereza walipowaajiri watu kama Lancelot Brown, aliyekufa mwaka 1783, wayapange upya makazi yao, nyasi zililetwa hadi kwenye kuta za nyumba na bustani ya mboga mara nyingi ikasukumwa nyuma ya ukuta mrefu, mbali na macho ya wageni. Watu maskini wa vijijini waliendelea kuchanganya kwa sababu walikuwa na kipande kimoja tu cha ardhi. Maana ya jambo hili iliwekwa wazi mwaka 1899 na Thorstein Veblen, mwanauchumi wa Marekani, katika The Theory of the Leisure Class. Alionyesha kwamba uwanja wa nyasi unapendeza kwa kuwa unafanana na malisho, na ng'ombe ndiye angestahili kuwa juu yake, lakini tajiri hamtaki ng'ombe kwa sababu ng'ombe anakumbusha uchumi na manufaa. Afadhali alete kulungu, mnyama asiye na kazi. Kwa maneno mengine, ardhi isiyozaa inatangaza kwamba mwenyewe hana haja. Hicho ndicho kiini cha dharau ya Gautier kwa kabichi, ingawa yeye aliivika joho la falsafa. Na dharau hiyo imetungiwa sheria hata katika karne hii. Mwaka 2013 kijiji cha Miami Shores, Florida, kilipiga marufuku mboga mbele ya nyumba, huku maua na miti ya matunda ikiruhusiwa. Wanandoa waliokuwa wamelima mbele ya nyumba yao kwa miaka 17 walilazimika kuzing'oa mboga zao wasije wakatozwa faini ya kila siku. Walikwenda mahakamani wakashindwa, rufani ikashindwa pia mwaka 2017, mpaka bunge la jimbo lilipotunga sheria mwaka 2019 ya kuzizuia halmashauri zisikataze bustani za mboga za nyumbani. Nyanya haikuwa imemdhuru mtu yeyote. Kosa lake lilikuwa kuonyesha barabarani kwamba ndani ya nyumba ile watu wanakula.

Mtetezi wa Gautier anaweza kusema kwamba hoja yake haisimami juu ya majivuno ya kitabaka, kwa kuwa mwanafalsafa mkubwa kuliko yeye, Immanuel Kant, alifundisha jambo la karibu nalo mwaka 1790. Kant alisema furaha tunayoipata kwa kilicho kizuri haina maslahi ndani yake: anayelitazama ua na kusema ni zuri hafikirii litamfaa nini, na maua ndiyo mfano wake wa uzuri ulio huru. Hili naliona kuwa kweli tena kweli kubwa. Lakini angalia Kant alichokisema na alichoacha kusema. Alieleza namna ya kutazama. Hakusema kwamba kitu chenye matumizi hakitazamiki kwa namna hiyo. Alikubali kwamba mtu anaweza kuliweka kando lengo la kitu na kukihukumu kwa uzuri wake tu. Majani ya kabichi nyekundu yenye matone ya umande hayahitaji kuombewa ruhusa ili yatazamwe bila maslahi, na mtazamaji haharibu kitu akikumbuka baadaye kwamba atayala. Wagiriki walikuwa wamelifikia jambo hili kwa njia ya mkato. Xenophon anasimulia kwamba Sokrates alipoulizwa kama kapu la kubebea samadi linaweza kuwa zuri, alijibu kwamba linaweza, na ngao ya dhahabu ikawa mbaya, kama kapu limeundwa vema kwa kazi yake na ngao imeundwa vibaya. Sokrates alikosea upande wa pili, kwa kuuyeyusha uzuri wote ndani ya ufaaji. Ua la tulipu ni zuri kuliko inavyohitajika ili limwite nyuki. Lakini alikuwa sahihi kulikataa wazo kwamba kazi ni uchafu.

Hapa lazima niseme neno juu ya utetezi unaopendwa sana siku hizi, kwamba maua yapandwe kati ya mboga kwa kuwa yanazisaidia. Mengi ya hayo ni kweli. Mizizi ya marigodi hutoa kemikali inayoua minyoo fundo, ingawa faida huonekana zaidi yakipandwa kwa wingi na kufukiwa kuliko yakitawanywa mojamoja. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba marigodi zikikaa na nyanya kwenye nyumba ya kioo huwapunguza nzi weupe, kwa sababu ya limonene inayotolewa na marigodi hizo. Wakulima wa saladi wa bonde la Salinas, California, hupanda maua madogo meupe ya alisamu katikati ya mistari ili kuwavuta nzi wa maua, ambao mabuu yao hula vidukari. Maboga na matango, ambayo maua ya kiume na ya kike huchanua mbalimbali, hayazai vizuri bila nyuki. Nafurahi kuyajua haya, na mkulima ayatumie. Ila yasigeuzwe kuwa kibali cha ua kuishi. Anayesema marigodi inastahili nafasi kwa kuwa inaua minyoo amekwisha kuwapa ushindi wale waliotaka kila kitu kitaje faida yake, na kesho ikipatikana dawa nafuu ya minyoo ataing'oa. Vivyo hivyo anayeitetea kabichi kwa kusema inapendeza anaiaibisha, kwa kuwa chakula hakihitaji kusingiziwa urembo ili kiheshimiwe. Kila kimoja kina haki yake chenyewe. Ajabu ya tuta lililochanganywa ni kwamba haki hizo mbili zinakaa pamoja bila moja kuishi kwa fadhila ya nyingine, na hata hivyo zinasaidiana.

Pingamizi gumu kuliko yote linatoka kwa watunza bustani wenyewe, wala halitoki vitabuni. Mavuno huharibu mpangilio. Ukikata saladi sita kati ya kumi na mbili umebaki na mashimo, na mwenye kupenda uzuri ataanza kuziacha zizeeke ili tuta lisiharibike, wakati mwenye kupenda chakula atalichana tuta bila kujali. Je, hapo havijakuwa mabwana wawili? Jumba la Villandry, katika bonde la mto Loire huko Ufaransa, linatoa mfano mkubwa kabisa. Daktari Joachim Carvallo, mzaliwa wa Hispania, na mkewe Mmarekani Ann Coleman walilinunua mwaka 1906, wakaifuta bustani ya mtindo wa Kiingereza iliyokuwapo, wakatengeneza bustani ya mboga ya miraba tisa iliyo sawa kwa ukubwa, kila mmoja na mchoro wake wa mistari na pembe, mboga zikizungushiwa maua. Miwaridi iliyonyooka kama nguzo imesimama katikati ya mboga, na inasemekana inawakilisha watawa wakiwa kazini. Mtu akiitazama anaweza kuamini kwamba kabichi imegeuzwa rangi tu. Lakini Villandry hupandwa mara mbili kila mwaka: upandaji wa machipuko unaanza Machi na ukifika Juni unaondolewa ili wa kiangazi uingie. Uzuri wake umejengwa juu ya kuondolewa. Uzuri usiostahimili kuvunwa ni wa picha iliyotundikwa ukutani, na anayeutafuta bustanini atavunjika moyo hata kama amepanda maua peke yake, kwa kuwa tulipu nazo hudondosha petali kabla Mei haijaisha. Mashimo ya saladi si aibu ya tuta. Ndipo mbegu inayofuata inapoingia, na jicho lililozoea bustani huyaona hivyo bila kufundishwa.

Lipo pingamizi la sheria ya Musa, nalo halistahili kupuuzwa na mtu anayetaka kuhojiana kwa maandiko. Walawi 19:19 inakataza kupanda shamba kwa mbegu za namna mbili, na Kumbukumbu la Torati 22:9 inarudia katazo hilo juu ya shamba la mizabibu. Je, tuta la mchanganyiko halijavunja mpaka aliouweka Mungu? Marabi waliolichunguza jambo hili karne nyingi walifika mahali panaposhangaza. Mishna, mkusanyo wa mafundisho yao, katika sehemu iitwayo Kilayimu, inaruhusu mbegu za aina tano za mboga katika tuta la upana wa viganja sita kwa sita, nne pembeni na moja katikati, mradi kila aina ibaki imejipambanua machoni. Naye Maimonides, rabi wa karne ya 12, alieleza kwamba katazo la mbegu linahusu zile zinazofaa kuliwa na watu, si mimea ya dawa isiyoliwa. Mimi nasoma katika jitihada hiyo yote kwamba kinachochukiwa ni kuvuruga, yaani kuviingiza vitu ndani ya vingine mpaka kisijulikane kipi ni kipi. Kuwa jirani ni jambo jingine. Waridi kando ya kabichi linabaki waridi, pengine linaonekana waridi zaidi. Wakristo na Waislamu hawajifungi na sheria hiyo, lakini hekima yake inawafaa: tofauti ilindwe, na ulinzi wake usiwe talaka.

Sasa nije kwa mwenye njaa, kwa kuwa hoja yake ndiyo yenye uzito wa damu. Anauliza: kwa haki gani mtu apande kisicholiwa wakati mwingine hana cha kula? Kwanza nakubali sehemu ya hoja hii bila masharti. Serikali ya Uingereza ilipowahimiza watu mwaka 1939 walime kila kipande, na mboga zikapandwa hadi kwenye handaki la Mnara wa London, waling'oa maua yao na walifanya vema. Katika hatari ya kufa, chakula kinatangulia, na Mholanzi aliyechemsha tulipu hakumkosea uzuri. Ila sheria ya dharura haiwi sheria ya maisha yote. Mwanauchumi Amartya Sen alionyesha mwaka 1981, kwa kuichambua njaa ya Bengali ya 1943 na nyinginezo, kwamba watu hufa njaa hata pale chakula kinapokuwapo, kwa sababu wamepoteza uwezo wa kukipata: ujira umeanguka, bei imepanda. Njaa ina wahusika wake, na kipande cha waridi mbele ya mlango wa mtu hakimo miongoni mwao. Anayelifanya ua kuwa mshtakiwa anawaachia wahusika halisi waende zao.

Tena hoja hiyo inamdharau mwenye njaa yuleyule inayodai kumtetea. Inadhani kwamba haja ya uzuri huanza tumbo likishashiba. Ruhleben, uwanja wa mbio za farasi karibu na Berlin, uligeuzwa kambi ya raia wa Uingereza waliokutwa Ujerumani vita vilipoanza mwaka 1914, na maelfu yao walikaa humo wakitegemea vifurushi kutoka nyumbani. Mwaka 1916, wakati Ujerumani yote ilipokuwa ikielekea kwenye majira ya baridi mabaya ambayo watu waliyaishi kwa kula tanipu, wafungwa hawa waliunda chama cha bustani na kukiunganisha na Royal Horticultural Society ya London, wakaletewa mbegu. Walipanda maua kati ya mabanda yao. Baadaye wakalima mboga katika sehemu ya uwanja wa farasi. Walihitaji mboga kuliko karibu kila msomaji wa makala hii, na hawakuona sababu ya kuyaacha maua. Ukimpa mtu kama huyo mbegu za kabichi peke yake kwa kuwa wewe umeamua urembo haumhusu, umemlisha na papo hapo umemwambia yeye si mtu kamili.

Yapo mambo ya uangalifu ambayo hayana falsafa yoyote. Vitunguu vya maua ya dafodili vina sumu na hufanana na vitunguu vya kula. Maganda ya njegere za maua, zile zinazopandwa kwa harufu, yanafanana na ya njegere halisi na mbegu zake si chakula. Nyumba yenye watoto ipande kwa mpaka unaoonekana, kama marabi walivyotaka.

Afrika Mashariki haina machipuko ya Ulaya, lakini ina vuli na masika, na ina viwanja vipya vya nyumba pembezoni mwa kila mji, ambako ramani huja na uwanja wa nyasi mbele na, kama nafasi imebaki, mchicha nyuma kando ya tangi la maji. Desturi hiyo tumeiazima kutoka kwa watu waliotaka kuonyesha kwamba hawana haja, na baadhi ya wajukuu zao wameanza kuiacha. Msomaji unayejenga sasa, kabla mvua hazijaanza, mwambie fundi asikumwagie kokoto wala asikupandie nyasi ukuta hadi ukuta. Toa njia ya kupita, kisha panda mchicha, bamia, nyanya, mrehani, asumini na waridi upande ule unaoelekea barabarani.